Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana: hatujapotea, tuko kisimani

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na jamaa yako. Kabla ya barua hii nilikuandikia nyingine za kawaida. Nilizipeleka ofisini mwenyewe, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nisubiri. Nimesubiri. Leo naandika hadharani kwa sababu kusubiri huko kumetugharimu mtu.

Jina lako sitalitaja, wala la kaunti yetu, wala la zahanati na hospitali nitakazozisema. Haya yangeweza kuandikwa na mama wa Turkana, wa Samburu, wa Marsabit, wa Isiolo, wa Wajir au wa Mandera, na kila gavana wa kaskazini atakayeyasoma atajijua. Lakini wewe unajua kwamba nasema nawe.

Mwezi uliopita tulimzika mtoto wa kaka yangu. Alikuwa na umri wa miaka 11, mchungaji wa mbuzi. Alikufa kwa kala-azar, ugonjwa wa homa ya muda mrefu na kuvimba wengu, wenye kipimo cha tone moja la damu, wenye dawa, na dawa hiyo imo humu humu nchini. Hakuuawa na nyoka wala na risasi ya mwizi wa mifugo, ambavyo ndivyo tunavyoviogopa mtoto anapokwenda fora, kule kwenye kambi za mbali za malisho ambako vijana hukaa na mifugo miezi na miezi. Aliuawa na homa iliyomla polepole, majuma mengi, huku sisi wakubwa wake tukituma pesa kwa simu na kuomba Mungu.

Naomba nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu taarifa iliyokufikia, kama ilikufikia, bila shaka imeandikwa kwamba mgonjwa alicheleweshwa na familia.

Alianza kwa homa ya kuja na kuondoka. Wenzake walidhani ni malaria, na mimi nilipopigiwa nilidhani hivyo hivyo. Vijana walikuwa wamepanda kilima kutafuta mtandao, wakaniambia mtoto anatetemeka usiku, nikatuma pesa wakanunua vidonge dukani. Akapata nafuu, homa ikarudi. Wakampandisha punda, mwendo wa kutwa nzima, hadi zahanati iliyo karibu nao. Mlango ulikuwa umefungwa. Ulibandikwa karatasi yenye nambari ya simu ya muuguzi, nao walikuwa mahali ambapo simu haishiki.

Simlaumu muuguzi huyo. Yuko peke yake. Akienda mjini kuchukua chanjo, zahanati nzima imekwenda mjini. Akiugua, zahanati imeugua. Walimpata safari ya pili, akampa mtoto dawa za homa kwa kuwa kipimo cha kala-azar hakuwa nacho, akawaambia wasiporidhika wampeleke hospitali kubwa. Hospitali kubwa ni siku nyingine ya barabara, na lori la mbuzi hupita siku ya mnada peke yake.

Mimi nilimwona aliposhushwa kwenye lori hilo. Alikuwa amebaki ngozi na mifupa, ila tumbo limejaa. Chini ya mbavu za kushoto kulikuwa na mistari mitatu ya kuchomwa moto, vidonda vimeanza kukauka pembeni na katikati bado vibichi. Mzee mmoja wa fora alikuwa amempapasa, akakuta wengu umevimba na kuwa mgumu, akafanya kile alichofunzwa na baba yake: akatia chuma motoni. Najua wapo watakaosoma hapa wakasema ni ujinga wa wafugaji. Mimi naliona tofauti. Mzee yule aliutambua ugonjwa. Alitia mkono mahali penyewe, juma lile lile ambalo watu waliosomea kazi hiyo walikuwa wakigawa vidonge vya malaria. Mkono ule ule ungekuwa na kipimo kile kidogo cha kuchoma kidole, kinachotoa jibu kabla chai haijapoa, mtoto angefika hospitali akiwa bado anatembea.

Hospitalini walimpima, wakajua mara moja. Matibabu ni sindano mbili kila siku kwa siku 17. Sindano zilianzwa, damu ikatafutwa kwa sababu yake ilikuwa imekwisha, mimi na wenzangu walimu tukatoa. Hakumaliza juma la kwanza. Daktari, kijana mpole, aliniambia: “Mama, angeletwa mapema.” Nilitaka kumuuliza angeletwa wapi, lakini kosa halikuwa lake. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Mheshimiwa, kala-azar si ugeni kaskazini. Wajir na Mandera ziliathirika vibaya mwaka 2000 na 2001. Marsabit imelipukiwa zaidi ya mara moja tangu 2014. Turkana, Pokot Magharibi na Baringo zinaujua. Shirika la Afya Duniani linasema usipotibiwa huua zaidi ya watu 95 katika kila 100. Kijidudu kinachoueneza ni kidogo kuliko mbu, na hupenda kujificha kwenye nyufa za vichuguu. Sasa fikiria mtoto mchungaji: hukaa wapi akitaka kuona mbuzi wake wote? Juu ya kichuguu. Hulala wapi? Nje, karibu na zizi. Huu ni ugonjwa unaowafuata wachungaji kazini kwao, na mwaka 2023 ilikubaliwa hapo hapo Nairobi kwamba Afrika Mashariki itautokomeza. Nilisoma habari hizo nikafurahi. Kipimo hakikufika zahanati yetu.

Na si kala-azar tu. Leo ni huyu wa kwetu. Kesho ni mama aliyezidiwa na uchungu wa kuzaa mahali ambapo gari halifiki. Ni watoto wenye surua. Ni wazee waliopofuka kwa trakoma, ambayo ingezuiwa kwa maji ya kunawa na dawa ya kumeza. Ni homa ile inayotokana na maziwa mabichi na kuzalisha mbuzi walioharibu mimba, inayomlaza mtu mzima viungo vikiuma mwezi baada ya mwezi, naye anapewa vidonge vya malaria kama wengine.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Katika mkutano wa wananchi wa kujadili bajeti, mmoja wa maofisa wako wa afya alisimama akasema kwamba wafugaji wa kuhamahama ni vigumu kuwapata, na kwamba huduma itaboreka watakapotulia mahali pamoja. Watu wakapiga makofi. Nilinyoosha mkono, muda ukawa umekwisha. Basi acha nijibu hapa.

Hatupatikani kwa nani? Wanunuzi wa mbuzi kutoka Nairobi wanatupata, tena wanajua bei imeshuka kwetu kabla sisi wenyewe hatujajua. Makarani wa sensa walitupata Agosti 2019, wakahesabu watu na mifugo, na mgao wa kaunti hii unategemea hesabu hiyo. Tukihesabiwa tupo. Pesa zikishafika kwa ajili yetu, tunageuka watu wasiopatikana. Na wewe, Mheshimiwa, ulitupata. Ulishuka na helikopta karibu na kisima wakati wa kampeni, vumbi likatimka, ngamia wakatawanyika, ukacheka pamoja nasi tulipokuwa tukiwakusanya. Ulisimama juu ya birika la mifugo ndipo uonekane. Ukasema, nami nilikuwepo na simu za vijana zilirekodi, kwamba daktari atakuja mahali mfugaji alipo, si mfugaji kumtafuta daktari. Nilikupigia kura kwa neno hilo moja.

Ahadi ile ilikuwa sahihi. Sikuombi uibuni upya. Nakukumbusha.

Hatutangitangi ovyo, Mheshimiwa. Ukame una ratiba yake na maji yana ratiba yake. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hunywa siku moja ndani ya mbili au tatu. Mbuzi na kondoo hukaa siku tatu au nne. Ngamia huweza kupitisha juma zima na zaidi. Kamati ya kisima inajua ni boma gani lina zamu siku gani, na zamu ikikosewa ngumi zinaweza kurushwa, kwa hiyo haikosewi. Siku ya zamu, kuanzia alfajiri, utakuta pale wachungaji wa fora, wasichana wanaoteka maji, kina mama waliokuja na punda, wazee wa kusimamia. Mtu mmoja akiwa mgonjwa kambini, habari zake zipo kisimani siku hiyo. Ofisa wako anayesema hatupatikani hajawahi kumuuliza mwenyekiti wa kamati ya kisima, mzee ambaye angempa ratiba ya miezi miwili bila kutazama karatasi.

Na usiniambie haliwezekani, kwa sababu nimeona likifanyika, ila kwa mbuzi.

Msimu uliopita idara yako ya mifugo ilileta chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Walifanya kazi nzuri, nawashukuru. Waliwasiliana na kamati, wakaja siku ya zamu, wakaegesha gari kivulini chini ya mgunga, wakafungua kisanduku chenye barafu. Watoto ndio waliowashika mbuzi. Mmoja hukamata mguu wa nyuma, mwingine hubana shingo kwa magoti, sindano inaingia, mbuzi anapakwa alama ya rangi mgongoni ili asichomwe mara mbili. Kufika adhuhuri makundi yote yalikuwa na rangi. Nilimtazama kijana mmoja aliyekuwa amewashika mbuzi tangu asubuhi, nikamuuliza mama yake kama alichanjwa surua. Akasema kijitabu chake kililiwa na mbuzi zamani, na hakumbuki kama alipata sindano ya miezi tisa, ila ya miezi 18 anajua hakupata kwa sababu walikuwa wamehama. Gari lilikuwa hapo. Barafu ilikuwa hapo. Nyuma ya dereva kulikuwa na kiti kitupu, na hakuna muuguzi aliyekikalia.

Mifugo ni idara yako, Mheshimiwa. Afya ni idara yako. Ofisi zao ziko ndani ya ua mmoja. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 hakuna mtu wa Nairobi wa kuulizwa kwa nini mawaziri wako wawili hawawezi kuafikiana kupanda gari moja.

Wenzetu walishafanya. Huko Chad, watafiti walipofika kambi za wafugaji wa kuhamahama walikuta ng'ombe wengi wamechanjwa na hakuna hata mtoto mmoja aliyekamilisha chanjo zake. Badala ya kuwalaumu wafugaji, waliunganisha misafara: timu ya mifugo na timu ya watu zikaenda pamoja, gari moja, jokofu moja, gharama ya safari ikagawanywa. Na sotoka ya ng'ombe, ile iliyowamaliza ng'ombe wa babu zetu, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Iliondoka kwa sababu ilitengenezwa chanjo iliyoweza kukaa hadi siku 30 bila jokofu, na kwa sababu kazi ya kuchanja walipewa wafugaji wenyewe waliofunzwa, watu waliojua mifugo ilipo. Kwa hiyo dunia nzima inajua namna ya kumfikia mfugaji. Ilishamfikia kwa ajili ya ng'ombe wake.

Utaniambia umejenga zahanati. Kweli umejenga, na waliokutangulia walijenga. Nimezihudhuria sherehe za kuzifungua, wanafunzi wangu wameimba. Majengo ni mazuri, mawe, mabati, tangi la maji, bamba lenye jina la aliyefungua. Lakini kiangazi kinapoanza watu huondoka kufuata malisho na jengo hubaki limewatazama wazee na mbuzi wachache wa maziwa. Fedha za bamba moja, sherehe yake, mahema yake na chakula cha wageni wake zingenunua vipimo vingapi vya kala-azar? Sijui bei zake ofisini kwako, wewe unazo. Nionyeshe.

Mwaka 2023 mwezi wa Septemba Rais aliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii laki moja mikoba ya vifaa na simu, nchi nzima, kila mmoja atunze nyumba kama mia moja. Kwetu yupo mmoja, mama mwema, anajituma. Tatizo ni kwamba nyumba alizopewa zilihesabiwa wakati wa mvua, watu wote wakiwa nyumbani. Sasa hivi zaidi ya nusu ya watu wake wako fora, wengine wako ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Yeye anapita manyatta hadi manyatta akiwapima presha wale wale waliobaki. Vijana wa fora hawana mhamasishaji hata mmoja. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu fomu inataka mtu mwenye kijiji, naye mchungaji wa fora anaonekana hana kijiji. Huenda nimekosea sababu. Matokeo yake sijakosea, nimeyazika.

Kuna jambo la karatasi pia, nilitaje tu nipite. Sina ugomvi na bima mpya ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, ile ya zamani, Oktoba 2024. Ila mtoto aliyezaliwa kambini hana cheti, baba yake mwenye kitambulisho yuko mahali pasipo na mtandao, na namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye simu iliyozimika. Pale dirishani tuliambiwa tukamlete baba. Mtoto alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, kichwa kwenye mapaja ya dada yake. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Nilikisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya dirisha, mimi mwalimu wa darasa la sita, watu wananitazama. Walimpokea. Mtu asiyejua kusoma afanye nini?

Na mfugaji akivuka mpaka wa kaunti anaambiwa yeye si wa hapa. Mbuzi hawaujui mpaka huo, mvua haiujui. Nimesikia kwamba dawa hugawanywa kwa kufuata idadi ya wakazi, kwa hiyo anayempokea mgeni anapunguza dawa za watu wake. Kama ni kweli, nyinyi magavana mna baraza lenu, mnakutana, mnapiga picha. Kaeni siku moja mliongelee hili.

Zamani kulikuwa na gari la kliniki lililotuzungukia. Halikuwa la kaunti, lilikuwa la wafadhili, halikuja kila mwezi, lakini lilikuja. Limekoma. Wengine wanasema ni kwa sababu Marekani ilikata misaada yake mwanzoni mwa 2025, wengine wanasema lilishakuwa bovu, wengine kwamba kaunti haikulipa mafuta na posho za wauguzi. Sijui lipi ni kweli na sitaki tena kujua. Afya yetu ilining'inizwa kwenye gari la mtu mwingine, na siku mwenye gari alipoondoka hakuna ofisa aliyekuja kisimani kutuambia.

Usalama nao najua utanitajia. Ni kweli wapo wauguzi waliokataa kwenda huko kwa kuogopa risasi, na siwezi kumlaani mtu kwa kuogopa kufa. Lakini askari wa akiba wa kijiji husindikiza malori ya chakula cha msaada. Waliwasindikiza pia madaktari wa mifugo siku ile.

Mheshimiwa, tusisahau tulikotoka. Mwaka 1965 serikali iliweka katika Waraka wa Bunge namba 10 kwamba fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yatakayozalisha haraka, na kaskazini ikawa si miongoni mwa hayo. Tuliachwa nyuma kwa maandishi. Ndipo Katiba ya 2010 ikaja kurekebisha: kifungu cha 260 kinawataja wafugaji, wanaohama na wasiohama, miongoni mwa jamii zilizotengwa, na kifungu cha 204 kikaweka Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme wa maeneo kama yetu. Wanaohama wameandikwa humo, Mheshimiwa. Hakuna mahali Katiba inaposema watapata haki zao watakapotulia. Tena baada ya misimu mitano ya mvua kukosa, kuanzia mwisho wa 2020, mifugo zaidi ya milioni mbili ikifa katika nchi hii, waliobaki na wanyama ni wale waliohama mapema na mbali. Waliotulia walizika ng'ombe wao. Kumwambia mfugaji atulie ni kumwambia afilisike ndipo atibiwe.

Sasa niseme na langu, kwa sababu nimechoka na sina pa kulisema.

Nyumba yangu ya mwalimu, chumba na sebule, imekuwa wadi. Kila anayeshushwa kutoka fora hufikia kwangu kwa sababu mimi ndiye ndugu aliye karibu na barabara. Wanangu hulala jikoni. Nina deni kwenye duka la dawa, nina deni kwa mwenye bodaboda, mkopo wangu wa chama ulikwenda kwa mafuta ya gari lililomrudisha marehemu nyumbani. Sihesabu hayo kwa uchungu wa pesa. Uchungu wangu ni kwamba kaka yangu hasemi nami. Alikuja mazishini akitokea malishoni, akanyoosha kidole mbele ya watu akasema, “Wewe ndiye tuliyekusomesha. Tuliuza ngamia ukasome ili utusaidie na watu wa serikali. Serikali yako iko wapi?” Sikuwa na la kumjibu. Mkewe ameanguka kwenye majonzi, hakami mbuzi, hali. Bado wana watoto wawili huko fora, na mdogo alianza homa juma lililopita. Nimetuma bodaboda kumfuata. Huenda ni malaria. Ningeweza kujua kwa kipimo cha dakika chache, kama kingekuwepo mahali.

Kwa hiyo nifanyie haya, Mheshimiwa. Nilikuwa nimeandika mengi: wahamasishaji wachaguliwe kutoka miongoni mwa wachungaji wenyewe, wapewe mkoba na wafunzwe kupima, zahanati zote za njia ya malisho ziwe na kipimo cha kala-azar, na dawa yake iwepo karibu kuliko hospitali moja ya kaunti nzima, muuguzi wa pili kwenye kila zahanati ili mlango usifungwe, usajili wa watoto ufanywe huko huko. Yote nayahitaji na sijaliondoa hata moja. Lakini najua barua ndefu huishia kwenye faili, na nimeshapigiwa mihuri ya kutosha.

Basi naomba moja. Tuletee kliniki kisimani siku ya zamu ya maji. Si jengo. Gari moja, wauguzi wawili, kisanduku cha chanjo, vipimo, dawa. Lipande pamoja na watu wa mifugo, au liende peke yake, lisipokuwa na rangi za kaunti pia hatutajali. Lije kila mwezi, tarehe ijulikane, itangazwe kwenye redio ya lugha yetu, mwenyekiti wa kisima aambiwe, na lisipoweza kuja tuambiwe mapema kwamba haliji na ni kwa nini. Hilo tu. Uliliahidi ukiwa umesimama juu ya birika la maji la kisima hicho hicho.

Sihitaji kuitwa ofisini kwa chai, sihitaji kupigiwa simu na msaidizi wako kuambiwa nimekuaibisha. Nijibu kwa maandishi, na jibu liwe na tarehe. Zamu inayofuata ya maboma ya mashariki ni Jumanne baada ya mnada ujao. Watakuwepo watu kuanzia alfajiri. Yule mtoto mdogo wa kaka yangu mwenye homa, kama hajafika kwangu, atakuwa miongoni mwao.

Kwa heshima,

Mwalimu, binti wa mfugaji, na shangazi wa marehemu
Kaskazini mwa Kenya